Prolini Haikustahili Sifuri

Mchoro wa mmenyuko wa Stickland katika toleo jipya la kile kitabu cha chuo mmeuona. Alanini inatoa elektroni, prolini inapokea, na pembeni mwa prolini pameandikwa ATP 0. Mwandishi ameamua kwamba kazi ya prolini ni kupokea elektroni zilizobaki, basi. Ni kosa, tena kubwa.

Upande wa alanini uko sawa: elektroni nne, asetati, ATP moja kupitia asetili fosfati. Glisini nayo imechorwa vizuri.

Turudi kwenye sifuri. Ni kweli, prolini ikipokea elektroni mbili pete yake hufunguka ikawa aminovalerati, na hapo hakuna fosfati inayokwenda kwa ADP. Lakini nani alisema nishati hupimwa kwa fosfati peke yake? Mwaka 1986 Lovitt, Kell na Morris walionyesha kwamba Clostridium sporogenes, wakati wa kuipokelesha prolini elektroni, husukuma protoni nje ya utando. Protoni hizo zikirudi ndani kupitia ATP sinthesi, ATP inatengenezwa. Kitabu kimechapwa miongo kadhaa baadaye na hakina hata mstari mmoja juu ya hilo.

Halafu mtazameni bakteria mwenyewe. Clostridioides difficile akipata prolini, protini yake iitwayo PrdR huwasha jeni za kimeng'enya cha prolini na kuzizima zile za glisini. Glisini, ambayo kila molekuli yake inaleta ATP moja bila ubishi! Kiumbe asiye na oksijeni, anayeishi kwa nishati ya kuokoteza, aiache ATP ya hakika akimbilie sifuri? Haiwezekani. Mwandishi alipaswa kujiuliza swali hilo kabla ya kuandika tarakimu.

Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: vitabu vyetu vinaupuuza utando. Peter Mitchell alipewa Nobel mwaka 1978 kwa sababu ya protoni hizi hizi, lakini kwenye sura za uchachushaji bado zinachukuliwa kama habari za pembeni, na Rnf, inayosukuma ayoni kwa elektroni za feredoksini, haichorwi kabisa.

Wakongwe hawakufanya kazi hivi. Stickland, Cambridge, 1934, alikuwa na seli zilizooshwa na rangi zinazobadilika kwa elektroni. Akazijaribu asidi amino moja moja, ipi inatoa, ipi inapokea, ndipo akazioanisha. Thressa Stadtman naye, seleniamu ilipojitokeza kwenye kimeng'enya cha glisini mwaka 1973, hakuiacha mpaka ikajulikana, 1976, kuwa imo ndani ya selenosisteini. Hao hawakujaza nafasi tupu kwa kukisia.

Walimu mnaokitumia kitabu hiki, futeni sifuri hiyo ubaoni, mchore utando, muonyeshe protoni zinatoka wapi na zinarudi wapi. Na mhariri wa toleo lijalo aanzie ukurasa huo.