Paja Halikuwapo

Fainali ya judo ya Olimpiki ya Sydney, uzito wa zaidi ya kilo 100, Septemba 22, 2000, nimeirudia mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye familia. Kila Douillet wa Ufaransa anapoingia na uchi-mata, mtupo wa kunyanyua kwa paja, nasimamisha picha, na kila nikisimamisha naona lilelile: Shinohara wa Japani alinyang'anywa.

Sitasimulia pambano zima. Douillet anageuka, anampa mpinzani mgongo, anavuta mkono wa judogi, vazi la judo, na kunyanyua kola, mguu wake unapanda katikati ya mapaja. Shinohara anauondoa mguu wake. Anazungusha mikono. Douillet anapaa, anatua kwa mgongo. Jaji mmoja wa pembeni ananyoosha mkono juu, ippon, ushindi kamili, kwa Mjapani. Refa wa kati anatoa yuko, pointi ndogo. Kwa Mfaransa! Jaji wa pili anamuunga mkono, wawili kwa mmoja, na hesabu imefungwa.

Tuangalie miguu, maana kosa lilizaliwa hapo. Aliyesimama kwa miguu miwili ana eneo la kumbeba: nyayo zake na nafasi yote iliyo katikati yake. Kitovu cha uzito wake kikibaki juu ya eneo hilo, haanguki. Anayepiga uchi-mata amelipunguza eneo hilo likabaki wayo mmoja, na kwa kuwa kiwiliwili kimeinamia mbele, kitovu cha uzito kimeshavuka vidole vya mguu. Peke yake angeanguka kifudifudi. Kinachomzuia ni mpinzani aliyemvutia mgongoni. Paja la mpinzani limekalia paja lake kama mzigo ulivyokalia wenzo, nyonga ndiyo egemeo, na mikono inavuta ncha ya pili. Uchi-mata ni mkopo: msawazo unaoutumia unauazima kwa mtu yuleyule unayetaka kumbwaga.

Sasa mwondoe mkopeshaji.

Kani yote aliyoiandaa Douillet, jitu la zaidi ya kilo 120, ili kumnyanyua mtu mzito kuliko yeye, ilikwenda kupiga hewa. Wenzo usio na mzigo haunyanyui kitu, unajizungusha wenyewe. Mtoto yeyote aliyecheza mieleka mchangani anajua hili bila kufundishwa fizikia: ukipiga ngwara ikakosa mguu, anayekaa chini ni wewe. Shinohara aliongeza jambo moja tu. Mkono mmoja ulivuta chini, wa pili ukasukuma juu, kama dereva wa lori anavyokata kona kwa usukani mkubwa. Kani mbili zinazokwenda pande tofauti, zikiwa na nafasi ya kutosha kati yake, hugeuza kitu kizito kwa jitihada ndogo. Mabega mapana ya Douillet ndiyo yaliyotoa hiyo nafasi. Upana wake ulimponza.

Mbinu hiyo ina jina, uchi-mata-sukashi, na Kodokan, makao makuu ya judo, waliiingiza katika orodha yao rasmi mwaka 1982. Haikuwa siri ya ukoo. Refa wa fainali ya Olimpiki alikuwa na miaka 18 ya kuisoma.

Wanaomtetea refa husema Shinohara naye alianguka. Kweli, alianguka. Alikuwa bado ameshika nguo ya mtu anayekwenda chini kwa kasi. Shika kamba ya nanga inayozama uone kama utabaki juu. Suala ni nani aliongoza mzunguko, na nani alitua kwa mgongo. Nitakubali kwa shingo upande kwamba mtu mgumu angeweza kumnyima Shinohara ippon kamili, akisema udhibiti wake mwishoni haukutosha. Hilo ni la kubishania. Lisilobishaniwa ni yuko ya Douillet. Pointi hutolewa kwa mtupo, na mtupo wa uchi-mata unahitaji paja. Paja halikuwapo.

Nimelalamika miaka mingi kwamba marefa humpa pointi aliyeanza. Macho yao hufuata mguu unaopanda, wanauamini, na kinachotokea baada ya hapo wanakijazia wenyewe kichwani. Na tukumbuke kichekesho chenyewe: Sydney ndiyo Olimpiki ya kwanza kutumia judogi ya bluu, Wajapani wakiwa wameipinga, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa kuwasaidia marefa na watazamaji kujua nani ni nani. Mmoja kwa nyeupe, mmoja kwa bluu, na bado wakachanganya.

Linganisheni na siku moja kabla ya fainali hiyo: katika kilo 100, Inoue Kosei wa Japani alimpiga Nicolas Gill wa Kanada uchi-mata ambayo haina la kuchambuliwa: paja lilikuwapo, Gill akaenda.

Alichofanya Shinohara, yaani kutoshindana na nguvu bali kuikwepa, Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alikieleza kwa hesabu ya darasa la tatu. Tuseme mpinzani ana nguvu 10 nami nina 7. Akinisukuma nikashindana naye, nitashindwa hata nikitumia zote. Nikirudi nyuma kadiri anavyosukuma, anainama, msawazo unamtoka, na nguvu anayoweza kuitumia inabaki labda 3. Hapo nina 7 dhidi ya 3 na sihitaji hata kuzimaliza. Mwanajudo Mifune Kyuzo, kijitu chepesi kuliko kijana wa sekondari, aliishi kwa hesabu hiyo hadi uzeeni. Tazameni filamu zake, vijana wanamrukia naye hayupo. Shinohara, pamoja na ukubwa wake, alifanya kazi ya Mifune mbele ya dunia nzima. Akaadhibiwa kwa hilo.

  

Aliyekuwa upande wa Japani siku ile ni Yamashita Yasuhiro, kocha. Huyu ndiye aliyeumia mguu kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 na bado akambana Rashwan wa Misri chini hadi ippon. Sydney alilalamika, haikusaidia, kwa kuwa kanuni zilisema marefa wakishatoka ulingoni matokeo hayageuzwi. Miaka 20 kabla ya Los Angeles, pale Tokyo, Geesink wa Uholanzi alimbana Kaminaga wa Japani chini kwa kesa-gatame, na Wajapani waliokuwa wakilia, tofauti na Sydney, hawakuwa na wa kumlaumu.

Siku hizi kuna video mezani. Kwa hiyo nawaomba wasomaji mfanye ambacho refa yule hakuweza. Zimeni sauti, punguzeni mwendo, msimfuate Douillet, mlifuate paja la Shinohara peke yake. Atakayeona limeguswa na kunyanyuliwa aniandikie, nami nitachapisha barua yake hapahapa.