Wapenda mizinga waenda mwezini

Siku hizi hapa Lulimba twasoma kitabu cha Mfaransa Jules Verne, De la Terre à la Lune, kilichotolewa mwaka 1865. Ndiye yule aliyetunga mwaka 1863 habari ya puto lililoondoka Unguja kupita juu ya Afrika. Sehemu ya pili hatujaipata. Haya basi ni mawazo ya kwanza tu.

Habari yaanzia Baltimore, Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuna chama cha mafundi wa mizinga. Wengi ni vilema: kwa watu wanne haupatikani hata mkono mmoja mzima. Lakini hawalilii mikono yao. Walia kwa sababu amani imekuja na kazi imekwisha. Mtunzi ataka tucheke. Sisi watu wa Fizi, tuliopitiwa na vita vya 1964 na 1965, kisha na vile vilivyoanza 1996, twawajua watu wa namna hiyo: aliyezoea bunduki, ukimpa jembe aliona ni tusi. Kurasa hizo tulizisoma kimya. Ndizo bora kupita zote.

Basi mkubwa wao, Bwana Barbicane, awatafutia kazi nyingine: kuupiga mwezi kwa kombora. Wachimba shimo Florida, wasubu humo mzinga wa futi 900. Hapo mtunzi atuchosha kwa hesabu za chuma na baruti. Tena watu watatu waingia ndani ya kombora, na maji chini ya sakafu ati yapunguze kishindo! Kwa mwendo utakiwao, mzinga ule ungewabana kwa zaidi ya mara 20,000 ya uzito wao. Wangekufa papo hapo. Wale watatu wa Apollo 11, mwaka 1969, waliondoka Florida vilevile, ila kwa roketi, iongezayo mwendo kidogo kidogo.

Kapteni Nicholl, fundi wa ngao za chuma, ni adui wa Barbicane. Wote wawili waingia msituni kuuana. Michel Ardan, Mfaransa, awafuata: amkuta Nicholl akimnasua ndege katika utando wa buibui, na Barbicane amezama katika hesabu, amesahau kwamba ana adui. Ardan awaomba wasafiri naye, nao wakubali. Upatanisho mwepesi mno. Kwetu wazee wangekaa siku nyingi, na mbuzi angechinjwa. Lakini ndege yule twampenda.

Kitabu chakoma wasafiri wakiwa angani. Wasomaji wa kwanza walingoja hadi 1869 kujua kama watarudi. Mwenye sehemu ya pili atuazime.