Rangi Kabla ya Spiriti

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, haliamini jiwe kwa kung'aa kwake. Hulitwanga, akaosha unga kwenye karai, ndipo akatazama kilichotuama chini. Desturi hiyo imenirudia akilini nikifuatilia jinsi nudibranki wa pwani yetu walivyopewa majina.

Nudibranki ni konokono wa baharini ambao wakishakomaa hawana gamba. Wengi hawafikii urefu wa kidole, na matamvua yao yako nje ya mwili. Ziwa Victoria halina hata mmoja. Wote ni wa maji chumvi.

Mnamo 1901 na 1902, mwanazoolojia Cyril Crossland aliwakusanya Zanzibar na pwani ya Kenya. Aliyewachambua ni Sir Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki, yuleyule aliyewafungulia walowezi nyanda za juu za Kenya. Dhuluma ile ya ardhi haifutwi na konokono. Ila kwa konokono wenyewe alikuwa mwangalifu mno, na njia yake inafaa kujifunza.

Tatizo lilikuwa chupa. Nudibranki akitiwa kwenye spiriti hunywea, na rangi humtoka hadi abaki kinofu cheupe. Kwa hiyo rangi ilibidi iandikwe mnyama angali hai, na hapo maelezo ya Crossland yakawa na thamani kubwa. Kisha kinofu kikapasuliwa, ikatolewa radula, yaani utepe wa meno madogo ya kukwangulia chakula, na meno hayo yakachunguzwa kwa hadubini. Daftari lilihifadhi sura, hadubini ikapima undani. Mwaka 1904 Eliot akachapisha majina Chromodoris africana na Halgerda wasinensis, hili la pili likibeba jina la kisiwa cha Wasini.

Mzamiaji wa leo, mwenye mtungi wa hewa na kamera, amerithi kazi ya Crossland. Naye ana chupa yake ya spiriti: maji. Kwenye kina cha mita 10 wekundu mwingi umeshamezwa, na picha isiyo na flashi hutoka ya kibuluu. Flashi hurudisha rangi, lakini picha nyingi hupigwa kutoka juu, zikapendeza bila kusaidia utambuzi. Mimi ningeanzia ubavuni, lenzi ikiwa usawa wa mnyama: pembe mbili za kunusia kichwani, ua la matamvua nyuma, mpangilio wa rangi kwenye ukingo wa vazi lake. Asiguswe, kwani Chromodoris akishtuka huvuta matamvua ndani, na alama muhimu imepotea. Wala asibanduliwe kwenye sifongo anayemla, maana chakula nacho ni ushahidi.

Hata hivyo rangi ina hila. Mwaka 2018 Kara Layton, Terrence Gosliner na Nerida Wilson walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya jenasi ya Chromodoris. Walikuta spishi tofauti zikivaa mistari inayofanana, na spishi moja ikiwa na mavazi zaidi ya moja. Ndiyo maana chini ya picha ya mwenye mistari myeusi na ukingo wa njano, hata kama ni ya kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, nisingekimbilia kuandika africana. Ningeandika Chromodoris, mahali, tarehe, kina, urefu wake, na sifongo aliyekuwa akimla.