Muzimu ni Shauri la Nani?

Msomaji ataweza kushangaa: kijitabu cha mila na filimu za kuogopesha za Asia vinakutana wapi? Vinakutana kwenye ulizo moja ambalo wakubwa wetu wa Bushi walilijua vizuri: muzimu akisumbua mtu, shauri ni la nani?

Tuchukue «Ringu», filimu ya Mjapani Hideo Nakata ya mwaka 1998. Anayetazama kaseti fulani anakufa kiisha siku 7. Mwandishi wa habari Reiko anaitazama, na mtoto wake Yoichi vilevile. Anatoa kisimani mifupa ya Sadako, msichana aliyeuawa humo. Tunafikiri deni limelipwa. Hapana! Baba ya Yoichi anakufa. Reiko amepona juu ya kitu kimoja: alinakili kaseti, akamwonyesha huyo bwana. Basi anachukua kaseti, anashika njia ya kwa baba yake mzazi, ili mjukuu apone. Filimu inaishia njiani.

Wengi watasema: huyo ni mama wa kweli, angefanya nini tena? Sisi hatukubali mbio hivyo. Pengine mzee angejitolea kwa mjukuu wake, lakini hakuna aliyemwuliza. Naye, akitaka kupona, atafute mwingine.

Sasa «Nang Nak» ya Nonzee Nimibutr, ya Thailand, mwaka 1999. Mak anarudi toka vita, anaishi na bibi yake Nak bila kujua kwamba alikufa akizaa. Kumwambia ukweli ni hatari, lakini kuna anayesema. Watu wanachoma nyumba, muzimu haondoki. Mwishoni mtawa wa Buddha anasema na Nak kwa upole, naye anaaga bwana yake.

Hapo tunakaribia desturi yetu. Zamani jamaa iliketi, ikatafuta kosa, ikatoa pombe ya ndizi ao mbuzi. Mzigo ulibebwa na wengi, mbele ya macho ya wote.

Sisi wa Bukavu, tuliopita vita vya 1996 na 1998, tunajua namna hatari inasukumwa kwenye mlango wa jirani. Na anayesukuma hakosi sababu nzuri: ni watoto. Ndiyo maana «Ringu» inatuogopesha zaidi: Reiko si mtu mubaya. Walimu wenzetu, mukiionyesha kwa vijana, muwaonyeshe na ile ingine, kisha muwaulize: mzee angeambiwa nini?