Ngali na Ramani: Hukumu ya Tarihi za Kubuni

Sarufi ya Kiswahili ina kiungo kidogo chenye kazi kubwa. Asemaye "angalikuja angalimkuta" husema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mtu hakuja, na kwamba kuja kwake kungalizaa jambo jingine. Kiungo hicho, -ngali-, hutazama nyuma kwenye mlango uliokwisha fungwa. Nacho hutofautiana na ndugu yake, -nge-, ambaye kwa kalamu za waandishi wengi huuacha mlango wazi. Wahenga walionya kwamba "laiti ningalijua" huja kinyume. Hata hivyo onyo lao halikumzuia binadamu kuurudia mlango uliofungwa na kuubishia hodi. Katika zama hizi ubishaji huo umekuwa sanaa yenye vitabu vyake, michezo yake na wafuasi wake, nayo yastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo sanaa nyingine.

Sanaa hiyo yaweza kuitwa tarihi ya kubuni. Mtungaji huchagua tukio moja la kweli, huligeuza, kisha huyafuata matokeo yake mwaka baada ya mwaka. Si sanaa changa. Titus Livius, mwandishi wa tarihi ya Roma, alisita katika kitabu chake cha tisa ili kuuliza mambo yangalikuwaje kama Alexander wa Makedonia angaliishi na kuishambulia Italia. Akahukumu kwamba Roma ingalishinda. Mwaka 1836 Mfaransa Louis Geoffroy alichapisha kitabu ambamo Napoleon hakuangamizwa na safari ya Urusi ya 1812, bali aliitiisha dunia nzima. Mwaka 1876 kitabu cha Charles Renouvier, mwanafalsafa wa nchi hiyo hiyo, kiliipa sanaa hii jina, Uchronie, yaani wakati usiokuwapo. Tangu mwanzo, basi, desturi moja yaonekana: Mroma aligundua kwamba Roma ingalishinda, na Mfaransa aligundua kwamba Ufaransa ingalitawala. Kila mmoja alichimba mchanga na kutoa pete aliyoifukia mwenyewe.

Msomaji wa haraka wa kazi hizi huuliza: je, jambo hili lingaliwezekana? Swali hilo halina ubaya, lakini halitoshi. Liko swali lenye kuchimba zaidi. Mtungaji wa tarihi ya kubuni amejipa ruhusa ya kubadili kila kitu: mshindi na mshindwa, mfalme na mtumwa, mto na mpaka. Katika uhuru mkubwa namna hiyo, ni kitu gani alichokataa kukibadili? Na katika dunia yake mpya, ni nani aliyepewa uwezo wa kutenda? Majibu ya maswali hayo mawili huonyesha imani ya mtungaji kwa uwazi ambao yeye mwenyewe hakuukusudia.

Mfano mwema ni insha ya Winston Churchill, iliyotoka London mwaka 1931 katika mkusanyiko wa J. C. Squire. Jenerali Lee, mkuu wa majeshi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alishindwa Gettysburg mwezi wa Julai 1863. Churchill aliigeuza kazi kwa werevu: msemaji wa insha yake anaishi katika dunia ambamo Lee alishinda, naye anajiuliza yangalikuwaje kama angalishindwa. Ni kioo mbele ya kioo, na kwa ufundi hapana wa kuidharau. Lakini mambo yaendaje katika dunia hiyo? Lee mshindi anatangaza mwisho wa utumwa katika Kusini. Uingereza inaunga mkono. Mataifa yasemayo Kiingereza yanashikamana, na mwishowe vita vya 1914 vinaepukwa. Watumwa wenyewe hawatendi neno. Uhuru unawashukia kama mvua imshukiavyo mtu aliyelala. Tarihi ya kweli yasema vingine: wanaume weusi wapatao 180,000 walivaa sare za jeshi la Kaskazini wakapigania uhuru huo. Churchill alithubutu kugeuza ushindi wa vita na ramani ya dunia. Hakuthubutu kumpa mtumwa sauti ambayo hata tarihi ya kweli ilikwisha kumpa. Ubunifu wake, pamoja na mabawa yake yote, uliruka chini kuliko ukweli.

Katika siku za karibuni sanaa hii imehama kutoka kitabuni na kuingia katika kompyuta. Miongoni mwa michezo mikubwa ya namna hiyo ni Europa Universalis IV, uliotolewa mwaka 2013 na Paradox Interactive ya Stockholm. Mchezo huanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya vita vya Varna, na kwenda hata 1821. Mbele ya mchezaji hutandazwa ramani ya dunia iliyogawanyika katika mamia ya dola, naye huchagua moja aiongoze: hutoza kodi, huoza wana wa wafalme, huunda majeshi, hufunga mapatano na kuyavunja. Dola zisizochaguliwa huongozwa na kompyuta. Kilwa imo katika hesabu hiyo, na yeyote apendaye aweza kuketi katika kiti cha sultani wake.

Haki ya kwanza ya mhakiki ni kusifu penye sifa. Mchezo huo wamfunza mwanafunzi jambo ambalo vitabu vingi vya shule vimeshindwa kumfunza: kwamba watu wa 1444 hawakuijua 1505. Asomaye habari za Kilwa kitabuni huziona meli za Francisco de Almeida tangu ukurasa wa kwanza, na kila jumba la mawe analosimuliwa amekwisha kuliona gofu. Mchezaji huirudishia Kilwa mashaka yake, na pamoja na mashaka, matumaini yake. Huona mji uliotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, wenye kuishika biashara ya dhahabu ya Sofala, ukiwa na majirani, maadui na hiari. Kuupa mji uliokufa hiari yake ya zamani si kazi ndogo.

Hata hivyo chini ya ramani ziko kanuni, na kanuni ndizo itikadi ya mchezo. Hata kufikia 2016 mataifa yaligawanywa katika makundi ya elimu: yale ya Magharibi mwa Ulaya yalijifunza kwa gharama ndogo, na yale ya Afrika kwa gharama kubwa zaidi, tangu siku ya kwanza, kabla hapajatokea kosa wala bidii ya mtu yeyote. Mgawanyo huo ulipoondolewa, nafasi yake ilishikwa na taasisi zienezwazo kutoka nchi hata nchi. Lakini mwamko wa elimu na sanaa wa karne ya 15 ulipangiwa kuanza Italia. Sehemu kubwa za bara ndani ya Afrika ziliachwa hapo mwanzo kuwa nchi isiyopitika, isiyo na mtu wa kuhesabiwa. Baadaye dola za Maziwa Makuu zikaongezwa, na hapo ikadhihirika kwamba ule utupu ulikuwa wa mchoraji, haukuwa wa nchi.

Kanuni yenye maana zaidi ni ile ya biashara. Mali ya dunia hupita katika vituo vilivyounganishwa kwa mishale, na kimoja cha vituo hivyo ni Zanzibar. Mishale haigeuki. Katika matoleo ya baadaye ya mchezo huo njia zote humalizikia mahali patatu: Venice, Genoa, na mlango wa bahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa. Mchezaji wa Kilwa aweza kukusanya ushuru Zanzibar na kupata utajiri mwingi. Aweza kuwafukuza Wareno, na kwa ustadi na subira aweza hata kuiteka Lisbon. Asichoweza ni kuugeuza mshale. Mali ya Venice haitatiririka kamwe kuelekea Pwani ya Afrika ya Mashariki, hata kama Kilwa imekuwa mji mkuu wa dunia. Hapa mchezo ulioahidi kwamba lolote laweza kutokea umekiri kwamba jambo moja haliwezi. Ushindi wa Ulaya katika vita umewekwa mezani ugombewe. Haki ya Ulaya kuwa mwisho wa safari ya mali haikuwekwa.

Iko kasoro ya pili, nayo yahusu mtendaji. Sultani wa mchezo hutawala miaka 377. Wafalme walio juu ya ramani hufa na kurithiwa, lakini mkono uwaongozao ni mmoja, hausahau wala haubadili nia. Kilwa ya kweli haikuwa na mkono wa namna hiyo. Ilikuwa na maamiri walioshindana na masultani, na wafanyabiashara walioipenda faida kuliko kiti cha enzi. Mwashi aliyejenga kwa mawe ya matumbawe, mvuvi, mfumaji wa nguo na mtumwa huwamo katika mchezo kwa jina la kodi na idadi ya askari tu. Hawana zamu ya kucheza.

Riwaya imeonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Katika The Man in the High Castle, kitabu cha Philip K. Dick cha 1962, Ujerumani na Japani zilishinda vita vya pili vya dunia. Lakini msomaji hapandishwi juu ya ramani ili ayaone majeshi. Anaingizwa dukani kwa muuza vitu vya kale, karakanani kwa mfua mapambo, na chumbani kwa mwanamke afundishaye judo. Uzito wa tarihi iliyogeuka hupimwa kwa mtu anavyomwinamia mteja wake na anavyoogopa kutaja jina lake. Dola zimo, lakini zimo kama hali ya hewa. Ndiyo maana kitabu hicho chaaminika ingawa chasimulia jambo ambalo halikutokea.

Kati ya riwaya na mchezo imestawi namna ya tatu: orodha ya miaka. Wapenzi wa sanaa hii huandika tarihi nzima za kubuni kwa mafungu mafupi, kila mwaka na tukio lake. Umbo hilo ni la heshima. Tarihi za miji ya Pwani nazo zilipenda kupanga watawala kwa zamu zao. Hatari yake ni kwamba neno "kisha" hujivika nguo za neno "kwa sababu". Tuseme mtungaji aandika: mwaka 1503 Kilwa yapata mizinga, 1505 Almeida ashindwa, 1550 meli za Kilwa zaingia Lisbon. Orodha yapendeza macho, na moyo wa msomaji wa Pwani waweza kuruka kwa furaha. Lakini mizinga imetoka wapi, na nani ameilipia, na kwa nini majirani wameiruhusu? Miaka imepangwa kama shanga zisizo uzi.

Atakaye uzi hana budi kuitazama Pwani ilivyokuwa. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokewa vibaya Mombasa na vizuri Malindi, na Malindi ikampa rubani wa kumvusha hata Bara Hindi. Malindi haikutenda hivyo kwa ujinga. Ilikuwa mji mdogo uliosongwa na Mombasa, ikaona katika mgeni nguvu ya kumpinga jirani. Mwaka 1502 da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi, na mtawala wa siku zile, Amiri Ibrahimu, alikuwa mtu ambaye haki yake ya kutawala ilibishaniwa. Mwaka 1505 Almeida aliiteka Kilwa, akaweka mtawala amtakaye, akajenga ngome. Mwaka 1512 ngome hiyo iliachwa. Mwenye kutaka kuigeuza tarihi hii kwa haki hatatia mizinga mikononi mwa Kilwa. Sharti aipatanishe Malindi na Mombasa, na ili aipatanishe sharti aseme Mombasa ingalitoa nini na Malindi ingaliacha nini. Hapo atagundua kwamba kila mji ulikuwa na sababu njema ya kufanya ulivyofanya, na kwamba jumla ya sababu njema ilikuwa msiba wa wote. Somo hilo ni la kweli, nalo limepatikana kwa njia ya uongo.

Wako wataalamu wasiokubali faida hii. E. H. Carr, katika mihadhara yake ya 1961 juu ya maana ya historia, aliyaweka maswali ya -ngali- katika hesabu ya michezo ya sebuleni. Hugh Trevor-Roper wa Oxford alishika njia nyingine: katika mhadhara wake wa kuaga mwaka 1980 alitetea kwamba jambo lililotokea halieleweki mpaka liwekwe kando ya yale yaliyoweza kutokea. Hoja ni nzuri. Lakini mtu huyo huyo mwaka 1963 alikuwa amesema kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu waliokuwamo, na kwamba mengine yalikuwa giza. Maneno mawili hayo yawekwe pamoja, maana yake itaonekana. Asiyekubaliwa kuwa na yaliyotokea hawezi kukubaliwa kuwa na yaliyoweza kutokea. Kumnyima mtu tarihi ni kumnyima -ngali- yake, na kumnyima -ngali- ni kusema kwamba hakuwa na hiari, bali alichukuliwa na mambo kama gogo lichukuliwavyo na maji.

Kwa sababu hiyo tarihi ya kubuni si upuuzi, wala haitoshi kuisifu kwa kuwa imemkweza aliyeshindwa. Kilwa itekayo Lisbon huku mishale ya mali ikielekea kule kule ni Kilwa iliyoazimwa joho la mwingine. Tarihi njema ya kubuni ni ile iliyo tayari kugusa kanuni kabla ya kugusa mshindi, iliyolipa thamani ya kila badiliko, na iliyompa zamu ya kutenda hata yule ambaye ramani haimwonyeshi. Ikitimiza hayo, -ngali- huacha kuwa majuto. Huwa taa imulikayo sababu za mambo. Na azijuaye sababu za mlango uliofungwa yu karibu kuujua ulio wazi.