Wimbo Hauulizwi Kwenu Wapi

Mwaka 1996 Gillian Welch alipotoa Revival, akiwa na mtunzi mwenziwe David Rawlings, baadhi ya wahakiki walimjia juu. Eti mtoto wa Los Angeles, wazazi wake watunzi wa muziki wa televisheni, ataimbaje shida za wakulima na wapika gongo kwa mtindo wa milima ya Appalachia? Feki huyo!

Mimi nakataa. Hivi wimbo unatungwa na cheti cha kuzaliwa? Banjo yenyewe, fahari ya milima ile, asili yake ni ala za Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Mwenyeji ni nani hapo?

Sikiliza Time (The Revelator) ya 2001: sauti mbili, nyuzi chache, maneno ya kawaida. Uongo hauna pa kujificha. Kasoro ipo: nyimbo zinajikokota, huzuni juu ya huzuni, mpaka unachoka. Lawama hiyo ni halali, maana imetoka ndani ya kazi.

Basi, mwandishi mwenzangu wa mjini, ukitaka kuandika habari za mvuvi, andika. Ila zijue kwanza nyavu zake na madeni yake. Tutakuhukumu kwa ukurasa.