Nani Anasoma Insha ya Mwanetu?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia insha kwa WhatsApp. "Shikamoo Mjomba. Naomba uninyooshee hii, mwisho wa kutuma ni Ijumaa." Anaomba chuo Marekani, na huko alama peke yake hazitoshi. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi inamtaka mwombaji ajieleze kwa maneno yasiyozidi 650. Yeye ameeleza kifo cha baba yake. Dada yangu alikuwa ameshaipitia mara tatu, naye akaniandikia pembeni: "Mwambie aongeze uchungu kidogo."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye The Gatekeepers, kitabu cha Jacques Steinberg kilichotoka 2002. Steinberg, wakati huo mwanahabari wa New York Times, alifuatilia kazi ya ofisi ya udahili ya Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, katika msimu wa 1999-2000. Yuko na ofisa mmoja, Ralph Figueroa, na pia na vijana kadhaa wanaosubiri majibu. Maombi yalikuwa karibu 7,000, nafasi kama 700.

Ubora wa kitabu ni kwamba hakina shetani. Figueroa ni mtu mwema, anasoma faili baada ya faili mpaka macho yanachoka, na anaumia anapomkataa mtoto aliyempenda. Sisi wasomaji tumeshamjua kijana huyo kwa kurasa nyingi. Halafu tunamwona amegeuka alama na maelezo mafupi mezani, na hapo ndipo roho inapokupasuka.

Kuna binti mmoja wa Los Angeles aliyewahi kula keki yenye bangi shuleni, akakiri kosa, akaadhibiwa. Insha yake ikawa juu ya kukiri huko. Je, ni ukweli, au ni ukweli uliopambwa ili upite? Swali hilo sisi wahakiki tunajiuliza kila siku kuhusu wasifu na tawasifu, ila hapa anayehukumiwa ana miaka 17.

Ninapomlaumu Steinberg ni hapa. Mshauri wa shule ya binti huyo, shule ya ada kubwa, ni rafiki wa Figueroa tangu walipokuwa wote chuoni Stanford. Mwandishi halifichi hilo, lakini nilitamani alibane zaidi. Mtoto wa dada yangu hana mtu wa kumpigia simu ofisa. Ana mjomba mwandishi wa habari, basi.

Sisi tulipomaliza kidato cha sita hakuna aliyetuuliza habari za nyumbani. Matokeo yalitoka, alama zikasema, ukapata au ukakosa. Niliwahi kuuona mfumo ule ni mkavu. Baada ya kukisoma tena kitabu hiki naona angalau uliniachia misiba yangu. Lakini nisiupambe. Alama nazo zilinunuliwa, kwa tuisheni na kwa shule za bweni ambazo jirani zetu hawakuzimudu.

Mpwa wangu nilimjibu afute aya ya hospitali, abakize ile ya baba akimfundisha kuziba pancha ya baiskeli, kwa sababu ndiyo pekee aliyoiandika bila kumwangalia msomaji. Dada alinipigia usiku huohuo, amekasirika. "Wewe ulishasoma. Yeye bado. Hiyo aya ndiyo itakayomwombea."

Sikuwa na jibu. Kitabu kizima cha Steinberg kinaonyesha kwamba anaweza kuwa sahihi: msomaji aliyechoka hukumbuka kilichomchoma.

Ijumaa insha ilitumwa. Aya ya hospitali imo, imefupishwa. Nimemwazima dada kitabu. Nawe kama una mtoto anayejaza fomu hizo, kisome kabla hujamwambia aongeze chochote.